Manunuzi ya mwezi nikihamia Zimmerman: Naivas, Quickmart au Carrefour?

HamiaZimma
Habari wanajukwaa. Mwisho wa mwezi tunahamia Zimmerman, hapa Nairobi, na nataka tuache huu mtindo wa unga leo, sukari kesho. Nichague supamaketi moja, nichukue kadi yake, ninunue vitu vya mwezi mzima mara moja. Nimebaki na Naivas, Quickmart na Carrefour. Ipi ina bei nafuu? Jibu fupi tafadhali.

Kapu_la_Mwezi
Jibu fupi halipo kwa sababu swali lenyewe ni nusu. Mko wangapi? Bajeti ni ngapi? Mna friji, na ina friza ya kweli au kile kijisanduku cha barafu? Mna gari au mtabeba kwa boda? Nyumba inayokula Weetabix na mtindi ina duka lake, na inayokula unga, maharagwe na chai ina lake.

Mzee_wa_Gorogoro
Uko Zimmerman, Githurai iko pua na mdomo, halafu unauliza supamaketi? Vitunguu, viazi, ndengu, njahi, maharagwe, mahindi, vyote viko sokoni. Supamaketi waachie sabuni na tishu. Na kadi haihitajiki popote.

HamiaZimma
Samahani, nilisahau. Tuko 4, watoto wawili wa shule ya msingi. Bajeti ni kama 15,000 bila nyama na mboga. Friji ni ndogo ya mlango mmoja. Gari hatuna. Mzee, nakuheshimu, lakini kuzunguka Githurai Jumamosi na mizigo mgongoni siwezi.

Kapu_la_Mwezi
Haya, sasa tunaweza kuongea. Kwa orodha ya aina hiyo, bei hutofautiana bidhaa kwa bidhaa na wiki kwa wiki. Duka moja kuwa rahisi kwa kila kitu mwaka mzima, hilo hutalipata. Unga, mafuta na sabuni vya maduka yote matatu vinatoka kwa viwanda vilevile. Mtu akikuambia "fulani ni rahisi", ujue ameangalia ofa ya wiki hiyo.

Kabla hujachukua kadi yoyote, andika vitu 12 ambavyo nyumba yenu haikosi. Mfano: unga wa mahindi 2 kg, unga wa ngano 2 kg, sukari 2 kg, mchele 5 kg, mafuta lita 3, majani ya chai 500 g, chumvi 1 kg, maziwa ya kukaa 500 ml, sabuni ya kipande, sabuni ya unga 1 kg, tishu za 10, dawa ya meno. Chapa ziwe zilezile na uzito uleule kila duka. Piga picha lebo za rafuni, maduka yote siku moja, usichanganye bei ya Jumatatu na ya Ijumaa. Kisha jumlisha mara mbili: mara ya kwanza bei kama zilivyo, mara ya pili ukitoa, kwenye maduka yote, kila kilicho na lebo ya ofa hata kwa duka moja. Jumla ya pili ndiyo itakayokuambia tabia ya duka, maana ile ya kwanza wiki ijayo itakuwa imebadilika.

Usilinganishe pakiti kwa pakiti. Tishu zinadanganya kuliko kitu chochote. Tuseme pakiti ya 10 ni Sh300 na kila roli ina karatasi 150, hizo ni karatasi 1,500, yaani senti 20 kila moja. Ya pili ni Sh340 na roli ina karatasi 200, kwa hivyo karatasi ni senti 17. Ya "bei ghali" ndiyo rahisi. Idadi imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa pakiti. Kama haijaandikwa, rudisha rafuni.

Mafuta nayo yana mtego wake. Ya maji huuzwa kwa lita, ya kuganda kwa kilo, na lita moja ya mafuta haifiki kilo, ni kama 0.92 kg. Kwa hivyo mafuta ya maji ya Sh320 kwa lita, ukigawa kwa 0.92, ni karibu Sh348 kwa kilo. Ukikuta ya kuganda kilo moja ni Sh330, hayo ndiyo rahisi, hata kama lebo inaonyesha namba kubwa zaidi.

Binti_Kongowea
Rahisi kwa mfuko, moyo je? Hayo ya kuganda daktari atakwambia nini?

Kapu_la_Mwezi
Dadangu, hiyo ni kweli na ni mada nyingine. Hapa nahesabu tu.

keshia_mstaafu
Niongeze mambo ya kaunta, maana watu huchagua duka kwa bei ya rafuni kisha hulipa bei ya mashine.

Bei za mashine hubadilishwa kutoka ofisini, mara nyingi usiku. Lebo za rafuni hubadilishwa kwa mkono asubuhi na wahudumu ambao pia wanapanga bidhaa. Ndiyo maana makosa mengi hutokea siku ofa inapoanza na siku baada ya kuisha. Siku ya kuanza, lebo huwa imewekwa na mashine haijapokea. Siku ya baada ya kuisha, mashine imerudi bei ya zamani na lebo ya ofa bado inaning'inia. Hilo liko kila duka, usidhani kuna duka takatifu.

Kwa hivyo soma tarehe iliyo kwenye lebo ya ofa, huwa ndogo chini kabisa. Picha ya lebo piga kabla hujaweka kitu kwenye toroli. Ukifika kwa keshia angalia skrini ya upande wako bidhaa ikipita, na bei ikitofautiana sema papo hapo kabla ya kulipa. Kabla ya kulipa, msimamizi huja na kadi yake akafuta bidhaa moja kwa dakika. Baada ya kulipa inakuwa ni marejesho: dawati la huduma kwa wateja, fomu, sahihi, na pengine urudishiwe kwa vocha badala ya pesa.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye risiti. La kwanza ni idadi. Keshia akipitisha maziwa 12 hupitisha pakiti moja na kubonyeza 12, na kidole kikiteleza inakuwa 13 au 21. La pili ni mboga na matunda. Hivyo havina msimbopau wa kiwandani, mtu wa mizani huchagua kutoka orodha ya skrini, na ndizi za kuiva zikiitwa aina nyingine, bei inaruka. Soma jina kwenye kibandiko hapohapo kwenye mizani.

Kuhusu M-Pesa: ukilipa kwa namba ya till ya Buy Goods, wewe mteja hukatwi ada. Mtandao ukichelewa na mashine ya keshia haioni malipo, usilipe mara ya pili. Mwonyeshe ujumbe wenye namba ya muamala, msimamizi anaweza kuyathibitisha malipo kwa namba hiyo. Waliolipa mara mbili husubiri siku kadhaa.

Rafu_ya_Chini
Keshia amenena. Nitatoa kisa kimoja kinachoonyesha mambo hayo yote kwa pamoja. Jina la duka naliacha, maana hili si tatizo la duka moja tu.

Ofa ya mafuta ya kupikia, mwisho wa mwezi. Lebo nyekundu kubwa imening'inizwa chini ya madebe ya lita 5. Mteja anachukua mawili, anaongeza vitu vingine vya elfu kadhaa, anapanga foleni ya nusu saa kwa sababu ni tarehe 30. Kwa mashine, mafuta yanakuja bei ya kawaida. Keshia anaita msimamizi. Msimamizi anaenda rafuni, anarudi na jibu kwamba lebo ile ni ya lita 3, ila lita 3 zimeisha na mhudumu amesogeza lita 5 kujaza nafasi. Kisha likaja la pili. Kwa herufi ndogo ofa ilikuwa ya wenye kadi tu, na kadi ya mteja ilisajiliwa kwa laini ya simu ambayo hakuwa nayo tena, kwa hivyo haikusoma. Akaambiwa alipe kwanza, suala la kadi lishughulikiwe kwa dawati. Akalipa. Dawati likasema muamala uliofungwa hauwezi kupewa bei ya kadi, ila anaweza kurudisha mafuta. Akarudisha. Pesa zikarudi kwa vocha inayotumika kwa tawi lile tu, na yeye alikuwa amepita hapo akitoka kazini, anaishi upande mwingine wa mji.

Angalia ni wapi lilikuwa linaweza kukatika. Lebo ya rafuni ina tarakimu za msimbopau, kwa kawaida chini ya jina. Linganisha tarakimu 4 za mwisho na zile za chupani. Zikitofautiana, lebo si ya bidhaa hiyo, hata kama iko chini yake moja kwa moja. Ingechukua sekunde tano. Na kadi, hakikisha namba ya simu ni unayotumia sasa kabla ya siku ya manunuzi makubwa, si kwenye foleni.

Na mjue haki ipo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ipo, na Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya bei za kupotosha. Bila picha ya lebo na risiti, lakini, huna cha kupeleka.

Mzee_wa_Gorogoro
Mnaona? Githurai hakuna msimbopau. Unauliza bei, unapunguziwa, unapewa na kifungu cha dhania juu.

keshia_mstaafu
Mzee, Githurai kuna gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, lililobonyezwa chini. Hilo nalo halina dawati la huduma kwa wateja.

Mzee_wa_Gorogoro
Ndiyo maana unageuza gorogoro na kuangalia chini kabla hujapimiwa! Likiwa limeingia ndani unahama kibanda. Na maharagwe unaangalia namna anavyomwaga: akimwaga kwa juu polepole, nafaka zinakaa hovyo na gorogoro linajaa kabla ya wakati. Mwambie atikise. Au nenda Nyamakima ambako nafaka hupimwa kwa kilo, hapo hakuna ubishi. Kwa mahindi, nunua gunia, peleka posho mill, unga wa mwezi tayari.

Binti_Kongowea
Unga wa mwezi mzima wa posho mill? Mzee, utakula uchungu. Ukisaga bila kukoboa, kiini cha mahindi kinabaki na mafuta yake, na unga huo hauvumilii. Baada ya wiki chache unaanza harufu ya mafuta yaliyooza, hasa huku kwetu Pwani kwa joto hili. Saga wa wiki mbili tu. Ukikoboa unakaa zaidi, lakini pumba zinaondoka na sehemu kubwa ya uzito, kwa hivyo ile bei rahisi ya gorogoro lazima uihesabu upya. Pima mahindi ukienda, pima unga ukirudi, ongeza pesa ya kusaga na ya boda, ndipo ulinganishe na pakiti ya 2 kg.

Rafu_ya_Chini
Na ongeza vitamini. Unga wa pakiti unatakiwa kisheria uongezwe vitamini A, madini ya chuma na zinki tangu 2012. Wa posho mill hauna. Kwa watoto wawili wa shule hilo si jambo dogo.

Mzee_wa_Gorogoro
Vitamini za pakiti! Wa posho mill una pumba na kiini chake, wa pakiti umekobolewa mpaka ukawa mweupe kama chaki, kisha wanakurudishia vitamini kwa kijiko. Na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, mnaisahau? Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango, ilisimamisha chapa 5 za unga wa pakiti kwa sumukuvu. Za pakiti, si za Githurai.

Rafu_ya_Chini
Kwa sababu za pakiti hupimwa. Za kwako nani kapima? Kiwango kinachoruhusiwa ni sehemu 10 kwa kila bilioni, hakionekani kwa jicho wala hakisikiki kwa ulimi, na kupika ugali hakuondoi. Mahindi yanatakiwa yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Muuzaji wako ana kipimo cha unyevu?

Mzee_wa_Gorogoro
Nauma punje. Ikivunjika kwa mlio imekauka. Ikipondeka, naondoka. Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi sinunui.

Kapu_la_Mwezi
Mlio wa punje unakuambia imekauka leo. Kuvu huenda ilishamea mwezi uliopita shambani. Wakuu, mwenye swali hata mashine ya kusaga hakuitaja. Turudi.

HamiaZimma, kwa friji yako ndogo: mtindi, siagi na maziwa freshi usinunue vya mwezi. Maziwa ya kukaa yasiyofunguliwa hayahitaji friji, kwa hivyo nunua katoni nzima yakiwa na ofa, ila ukishafungua pakiti iweke kwenye baridi na uimalize kwa siku mbili tatu. Soma ujazo pia, maana pakiti mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana mililita 50. Maziwa ya ATM, yale ya mashine ya kujipimia, ni nafuu kwa lita, ila nenda na chombo kilichooshwa kwa maji moto na kukaushwa, na uyachemshe ukifika. Chombo chenye maji ya suuza chini ndicho huyagandisha maziwa, halafu mashine inalaumiwa.

Sabuni ya kipande ununue mche mzima, uikate na uipange kwenye hewa, ikauke wiki mbili kabla ya kutumia. Sabuni mbichi inayeyuka haraka kwenye karai. Mchele ukinunua gunia la kilo 25 na jirani, mgawane, mimina kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana. Wadudu wakiingia kwenye gunia wazi, ile nafuu yote ya jumla huliwa na wao.

HamiaZimma
Asante Kapu. Sasa kadi je? Na ni ipi kati ya hizo tatu?

Kapu_la_Mwezi
Kadi ihesabu hivi: pointi ngapi kwa kila Sh100, na pointi moja ni shilingi ngapi ukikomboa. Tuseme ni pointi 1 kwa Sh100 na pointi 1 ni Sh1. Hiyo ni asilimia 1, kwa 15,000 unapata 150. Ukipanda boda kwenda duka la mbali kwa ajili ya kadi, 150 imekwisha kabla hujafika nyumbani. Kadi ikiwa ni bure, ichukue, ila usikubali kadi ikuchagulie duka.

Mimi kwa eneo lako ningesema Carrefour ya TRM (Thika Road Mall) kwa manunuzi makubwa, kwa sababu ni duka kubwa, katoni nzima hupatikana, na chapa yao wenyewe ya vitu kama tishu na sabuni ya vyombo huwa rahisi. Vya katikati ya mwezi, duka lolote lililo njiani.

keshia_mstaafu
Mimi ningesema Naivas, ila naijua tabia ya jukwaa hili, nitaitwa wakala. Matawi yao ni mengi, kitu kikikosekana tawi moja hukikosi la pili, na ofa zao za unga na sukari ni za kweli. Quickmart sifa yao ni masaa. Matawi yao kadhaa hufunguliwa saa 24, na anayetoka kazini usiku hana haja ya foleni ya tarehe 30. Ukienda saa nne usiku, mkate na vitu vya bekari vilivyobaki mara nyingine vimepunguzwa bei.

Binti_Kongowea
Na Chandarana mmeisahau kabisa. Bizari, dengu za aina zote, basmati, tui la pakiti la kweli. Wako tangu 1964.

keshia_mstaafu
Dada, mtu ana 15,000 ya mwezi, unampeleka Chandarana?

Binti_Kongowea
Kwa bizari tu! Bizari nzima ya robo kilo ukaisaga mwenyewe inakaa miezi. Vile vikopo vya gramu 50 ukivihesabu kwa kilo utashtuka.

Rafu_ya_Chini
Kabla hamjampa mtu supamaketi ya kuoa, kumbukeni pointi na vocha ni deni la duka kwako, na duka likianguka wewe uko mwisho wa foleni. Nakumatt ilikuwa mfalme, wadai wake wakapiga kura Januari 2020 ifungwe. Tuskys ikafuata. Uchumi, ya 1975, kila mtu anajua ilikoishia. Shoprite iliingia 2018 ikaondoka ndani ya miaka michache. Naivas na Quickmart zote mbili zina mizizi Nakuru. Quickmart iliunganishwa na supamaketi za Tumaini chini ya kampuni ya uwekezaji ya Adenia, na Naivas ina wawekezaji wa kigeni wakiongozwa na IBL ya Mauritius tangu 2022. Wana pesa, sikatai. Ila dalili za ugonjwa zijue: rafu ndefu imejazwa maji ya chupa au tishu aina moja kutoka mwanzo hadi mwisho, chapa kubwa ya unga au maziwa haionekani wiki mbili mfululizo, bekari imezimwa. Maana yake wasambazaji hawajalipwa na wameacha kuleta. Ukiona hivyo, tumia pointi zote siku hiyohiyo.

Na Carrefour mnayoisifia, bei ile ya chini kuna anayeilipia. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza Majid Al Futtaim, wenye leseni ya Carrefour Kenya, faini ya zaidi ya Sh1 bilioni kwa kuwabana wasambazaji.

Kapu_la_Mwezi
Hilo liko kwenye rekodi. Lakini HamiaZimma hawezi kutatua hilo kwa unga wa 2 kg.

Abu_Salim_Muscat
Salaam alaykum. Nasoma kutoka Muscat. Majid Al Futtaim haohao huku Oman walifunga jina la Carrefour Januari 2025, maduka yakawa HyperMax. Majengo yaleyale, lakini bidhaa za chapa ya Carrefour zikaondoka rafuni. Aliyezoea mafuta au jibini ya chapa ile akaanza upya kutafuta. Kwa hivyo usijenge orodha yako juu ya chapa ya duka. Tumia, lakini jua na mbadala wake wa kiwandani.

keshia_mstaafu
Kenya bado ni Carrefour, usiwatie watu hofu.

Abu_Salim_Muscat
Sitii hofu ndugu, nasimulia yaliyotokea huku. Hivi mchele wa Mwea bado wanauchanganya na wa Pakistani?

Mzee_wa_Gorogoro
Wanauchanganya sana. Chukua punje chache kiganjani, sugua, nusa. Pishori, huo mchele wa Mwea wa kunukia, inanukia hata ikiwa mbichi. Ikinukia juu juu kisha harufu ikapotea ukisugua, imechanganywa. Na angalia urefu wa punje: zikiwa za aina mbili, huo ni mchanganyiko.

Binti_Kongowea
Na bei. Pishori ya Mwea halisi kwa bei ya mchele wa kawaida haipo, hata iandikwe nini kwenye pakiti.

HamiaZimma
Na nyama? Nilisema haimo kwenye bajeti lakini mwenzangu anasema afadhali ya supamaketi kwa usafi.

Kapu_la_Mwezi
Usafi wa kioo, ndiyo. Ila linganisha mifupa. Nusu kilo ya trei yenye mfupa mkubwa chini inaweza kuwa ghali kuliko steki ya buchari. Geuza trei, bonyeza plastiki, uone kilicho chini. Na uliza kama uzito wa trei umetolewa kwenye mizani.

keshia_mstaafu
Baada ya ripoti ya runinga ya 2019 kuhusu sodiamu metabisalfaiti kwenye nyama, watu wakaanza kuogopa nyama yoyote nyekundu sana. Nyekundu peke yake si ushahidi, nyama ikikutana na hewa huwa nyekundu, na ndani ya kipande au pale zinapobanana huwa ya zambarau au kahawia. Ya kutilia shaka ni nyekundu ileile nje na ndani, siku ya tatu, bila nzi wala harufu. Nunua inayokatwa ukiona kutoka kwenye paja lililoning'inia na lenye muhuri wa mkaguzi. Supamaketi nyingi zina kaunta ya namna hiyo, buchari pia.

Mzee_wa_Gorogoro
Soko la nyama la Burma. Asubuhi na mapema.

Rafu_ya_Chini
Mzee hata ukiulizwa kuhusu betri ya simu utasema soko.

HamiaZimma
Jumamosi nitapita TRM na Naivas ya Mountain Mall na ile orodha ya vitu 12, Quickmart nitaimaliza jioni nikirudi. Mwenzangu bado anataka duka moja tu. Delivari je, mnatumia Glovo?

Kapu_la_Mwezi
Linganisha bei ya ndani ya programu na picha zako za rafuni kwanza. Si zote zinazolingana, na ofa za kadi mara nyingi hazifanyi kazi humo. Juu yake kuna ada ya kuleta na ya huduma. Kwa gunia la mchele na debe la mafuta linaweza kulipa. Kwa mkate na maziwa, hapana.

keshia_mstaafu
Na ukienda mwenyewe beba vikapu vyako vigumu, viwili vinavyolingana uzito. Tangu marufuku ya plastiki ya 28 Agosti 2017 mfuko unalipia, na ile ya kitambaa chepesi hukatika mshikio ukiweka unga wa kilo 10 pamoja na mafuta. Unga chini kabisa, mafuta yasimame wima, sabuni ya unga iwe kikapu kingine. Sabuni ikimwagikia unga, hakuna kuchekecha.

Abu_Salim_Muscat
Mzee wa Gorogoro, hilo gorogoro siku hizi linachukua kilo ngapi hasa za maharagwe? Nikija Desemba nataka kuchukua nyayo na rosecoco za kubeba.

Mzee_wa_Gorogoro
Kama 2 hivi na kidogo, inategemea ukubwa wa punje. Lakini wewe wa ndege nenda Nyamakima upime kwa kilo, usije ukazidisha mzigo.

keshia_mstaafu
Leo Mzee amesifu mizani!